Kiesperanto ni lugha gani? Maneno yake, sarufi yake, na nani anabeba mzigo wa kujifunza

Mwezi Agosti 2024, jiji la Arusha lilipokea wageni kutoka nchi nyingi ambao walisalimiana, wakabishana na kutaniana kwa lugha ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia redioni. Ulikuwa mkutano wa 109 wa dunia wa Kiesperanto, na wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu mikutano hiyo ilipoanza mwaka 1905 nchini Ufaransa.

Tangu hapo yapo maswali yanayorudi kila tunapozungumzia lugha. Je, hiyo ni lugha kweli au ni mchezo? Ni ngumu? Mtoto akiijua itamsaidia? Na kwa nini mtu atunge lugha mpya wakati zilizopo zinatushinda?

Hapa Mafiga tunaishi mahali penye jina la mawe matatu yanayobeba chungu. Basi tutaliweka jambo hili juu ya mafiga matatu: lugha yenyewe ilitoka wapi, inajengwaje, na inamgharimu nani. Huhitaji kujua Kiingereza kusoma makala haya. Kiswahili chako kinatosha.

Figa la kwanza: ilitoka wapi

Aliyeitunga ni Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok. Leo mji huo uko Poland, lakini wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Mjini hapo waliishi Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi. Kila kundi lilikuwa na lugha yake, na chuki kati yao ilikuwa kubwa. Zamenhof, ambaye alikuwa Myahudi, alikua akiamini kwamba watu wangepunguza kuumizana kama wangekuwa na lugha moja ya kukutania, ambayo si ya kundi lolote kati yao.

Mwaka 1887 alichapisha kitabu kidogo mjini Warsaw. Hakutumia jina lake. Alijiita Doktoro Esperanto, yaani "daktari anayetumaini". Watu wakaichukua lakabu hiyo wakaipa lugha.

Zingatia jambo moja. Zamenhof hakusema watu waache lugha za nyumbani. Alitaka kila mtu abaki na ya kwao, kisha wote wajifunze moja ya pili. Sisi Watanzania tunaulewa mpango huo bila kuelezwa sana, maana ndivyo tunavyoishi: Kiluguru nyumbani kwa bibi kule Matombo, Kiswahili ukifika stendi ya Msamvu.

Lugha hiyo imepita katika moto. Katika miaka ya 1920, pendekezo la kuifundisha shuleni lilipofika katika Shirika la Mataifa, Ufaransa ililipinga. Miaka ya 1937 na 1938, Stalin aliwakamata na kuwaua wengi waliokuwa wakiizungumza kule Urusi. Na watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa na Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo lugha haikufa, na mwaka 1954 UNESCO ilipitisha azimio la kuitambua mchango wake katika kuwakutanisha watu.

Maneno yake je, Zamenhof aliyatoa kichwani? Hapana. Aliyaokota, na mengi aliyaokota katika ukoo wa Kilatini.

Kilatini ndiyo lugha ya Warumi wa kale. Baada ya dola yao kuvunjika, lugha hiyo ilibadilika polepole kila mahali ikazaa watoto: Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano na Kiromania. Maji kwa Kilatini ni *aqua*, na kwa Kiesperanto ni *akvo*. Ardhi ni *terra*, Kiesperanto *tero*. Mwezi wa angani ni *luna*, Kiesperanto *luno*. Yapo pia maneno ya Kijerumani, kama *hundo*, mbwa, na machache ya Kirusi na Kipolandi, lakini sehemu kubwa ya ghala ni ya Kilatini na watoto wake.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakatunga lugha za Kilatini tupu. Mwaka 1903 mtaalamu wa hesabu wa Italia, Giuseppe Peano, alikichukua Kilatini akakivua minyambuliko yake yote. Mwaka 1951 ikatoka nyingine iitwayo Interlingua, ambayo neno hukubaliwa ndani yake likionekana katika angalau lugha tatu kubwa za Ulaya ya magharibi. Hizo zina wasomaji, lakini hakuna iliyopata watu wengi kama Kiesperanto.

Usifikiri Kilatini kiko mbali nawe. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na wakaitawala Ngome ya Yesu ya Mombasa hadi 1698. Waliondoka, maneno yakabaki: meza, kopo, pipa, bendera, leso, karata, padri. Meza unayolia chakula ni *mesa* ya Kireno, ambayo ni *mensa* ya Kilatini. Wareno hawakuwahi kuitawala milima ya Uluguru, lakini kopo lao lilipanda mlima pamoja na Kiswahili. Na wazee Wakatoliki wanaokumbuka Misa za kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960 waliitikia sala kwa Kilatini chenyewe.

Figa la pili: inajengwaje

Hapa ndipo msikilizaji wa Kiswahili anapopata mshangao. Maneno ni ya Ulaya, lakini namna ya kuyaunganisha inafanana sana na tunavyofanya sisi.

Tuanze na matamshi. Kila herufi ina sauti moja, na kila sauti ina herufi moja. Hakuna herufi iliyokaa kimya kama katika Kiingereza. Mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Soma *banano* kama ungesoma "banana" la Kiswahili, mkazo katikati, umeshapatia. Herufi chache tu zinahitaji uangalifu: *j* husomwa kama y ya "yai", *c* kama ts, *ŝ* kama sh, *ĉ* kama ch, na *ĝ* kama j ya "jambo".

Pili, mwisho wa neno unakuambia neno hilo ni la aina gani. Jina huishia na *-o*. Kivumishi huishia na *-a*. Kielezi huishia na *-e*. Kitenzi kisichotajiwa wakati huishia na *-i*. Maneno machache tu, hasa baadhi ya vielezi, hayafuati sheria hiyo.

Tuchukue kupika, ambako ni *kuiri*:

- *mi kuiras*: ninapika
- *mi kuiris*: nilipika
- *mi kuiros*: nitapika
- *mi kuirus*: ningepika
- *kuiru!*: pika!

Sisi wakati tunauweka katikati: -na-, -li-, -ta-, -nge-. Wao wanauweka mwishoni: *-as*, *-is*, *-os*, *-us*. Lakini wazo ni lile lile, kipande kimoja kwa kazi moja. Akibadilika mpishi, kitenzi hakibadiliki: *mi kuiras*, mimi napika, *vi kuiras*, wewe unapika, *ili kuiras*, wao wanapika. Aliyewahi kukariri vitenzi vya Kiingereza visivyofuata utaratibu, *go* na *went*, *eat* na *ate*, atajua amepunguziwa mzigo gani.

Tatu, upatanisho. Mwalimu wa shule ya msingi alitufundisha: mlima mkubwa, milima mikubwa. Jina likiwa wingi, kivumishi nacho kinafuata. Kiesperanto kinafanya vivyo hivyo, ila kwa alama moja tu ya wingi, *-j*, inayokaa mwishoni:

- *granda monto*: mlima mkubwa
- *grandaj montoj*: milima mikubwa

Kifaransa na Kihispania nazo zina upatanisho, lakini zinamtaka mjifunzaji akariri kila jina kama ni la kike au la kiume. Kiesperanto hakina jambo hilo, wala hakina ngeli nyingi kama zetu. Kina ngeli moja.

Nne, alama ya anayetendewa, ambayo ni *-n*. Chukua sentensi hii: *La hundo mordas la kapron*. Mbwa anamng'ata mbuzi. Mbuzi ni *kapro*, na hiyo *-n* inaonyesha kwamba yeye ndiye aliyeng'atwa. Ukigeuza ukasema *La kapron mordas la hundo*, bado aliyeng'atwa ni mbuzi. Hili ndilo huwachosha wanafunzi wengi, na hata wazoefu huisahau *-n* wakiwa na haraka.

Tano, na hili ndilo tamu: kujenga maneno. Kiswahili kutoka mzizi *-lim-* kinatoa lima, mkulima, kilimo, limia, limisha. Hukujifunza maneno matano, ulijifunza mzizi mmoja na vipande vyake. Kiesperanto kimesimama juu ya ufundi huo huo. Tuwachukue mbuzi wa maziwa kama wale wa Mgeta:

- *kapro*: mbuzi
- *kaprino*: mbuzi jike
- *kaprido*: mtoto wa mbuzi
- *kapreto*: mbuzi mdogo wa umbo
- *kapraro*: kundi la mbuzi
- *kaprejo*: banda la mbuzi
- *kapristo*: mfugaji wa mbuzi

Ukishajua kwamba *-ej-* ni mahali na *-ist-* ni mwenye kazi hiyo, hukariri tena. *Kuirejo* ni jikoni, *kuiristo* ni mpishi. *Lerni* ni kujifunza, basi *lernejo* ni shule. Kipande *mal-* mbele ya neno kinageuza maana: *bona* ni nzuri, *malbona* ni mbaya. Hospitali wanaweza kuiita *malsanulejo*. Ipasue uone: *mal-san-ul-ej-o*. *San* ni afya, *mal* inaigeuza, *ul* ni mtu, *ej* ni mahali, *o* ni jina. Mahali pa watu wasio na afya. Mtu aliyezoea neno kama "hatutawapikisha", lenye sentensi nzima ndani yake, hataliogopa hilo.

Ipo na mitego ya kuchekesha. *Ni* kwa Kiesperanto ni "sisi". *Ili* ni "wao". *Kato* ni paka. Na *sana* ni "mwenye afya", hivyo mtu akikuambia *Mi estas sana* anakwambia yeye ni mzima.

Figa la tatu: inamgharimu nani

Wapenzi wa Kiesperanto husema ni lugha isiyo ya mtu, kwa hiyo kila mtu anaanzia mahali pamoja. Je, ni kweli?

Fikiria watu wawili wanaanza siku moja. Mmoja anatoka Italia, mwingine anatoka Kinole. Wanafundishwa kwamba mlima ni *monto*, kitabu ni *libro*, ardhi ni *tero*. Mwitaliano anatabasamu, maana kwao ni *monte*, *libro* na *terra*. Amepewa maneno ambayo nusu yake tayari anayo. Mwenzake wa Kinole anayakariri yote kutoka mwanzo.

Sasa wanafundishwa kujenga *malsanulejo*. Hapa mambo yanabadilika. Mwitaliano hajazoea kupachika vipande vinne katika neno moja. Wa Kinole amefanya hivyo tangu alipoanza kusema, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili.

Kwa maneno mengine, sarufi ya lugha hii iko karibu nasi na msamiati uko karibu na Ulaya. Mzigo umepunguzwa kwa wote, lakini haukugawanywa sawa. Kurasa za sarufi zinasomeka kwa muda mfupi, ila maneno ni mamia, na kila moja linataka siku yake.

Kuna na jambo la pili. Baba ni *patro*. Mama ni *patrino*. Yaani "mama" limetengenezwa kwa kuchukua "baba" na kuongeza kipande cha kike. Mwelezee hilo bibi wa Kiluguru, ambaye kwao ukoo na ardhi vimehesabiwa upande wa mama tangu zamani, uone atakavyokuangalia. Kiswahili chetu hakina hata tofauti ya "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, Kiesperanto kinayo: *ŝi* na *li*. Waesperanto wenyewe wanabishana kuhusu jambo hili, na wengine wanapendekeza marekebisho. Kumbe hata lugha iliyotungwa ili isiwe ya mtu inabeba alama ya nyumba ilikotungiwa.

Lakini kabla hatujamcheka Zamenhof, tujiangalie. Mtoto wa Mkuyuni anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, anakuta biolojia, jiografia na hesabu kwa Kiingereza. Wapo wenye akili nzuri kabisa ya hesabu wanaokwama, si kwa sababu ya hesabu, ila kwa sababu ya sentensi iliyobeba hesabu. Huo ndio mzigo ambao Zamenhof aliuona Białystok: lugha ya mtu mmoja inapokuwa lango ambalo mwingine lazima alipie kupita.

Na Kiswahili nacho, ambacho kwetu ni daraja, kina bei yake. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki kusanifisha Kiswahili, na lahaja ya Unguja ikafanywa msingi. Wa Mombasa na wa Lamu wakaambiwa chao si sanifu. Kiswahili kiliposambaa kwa biashara, shule, siasa za uhuru na redio kama hii, kilituunganisha kweli. Mwaka 2021 UNESCO ilikitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lakini hapa Mafiga wapo vijana wanaoelewa Kiluguru cha bibi zao bila kuweza kumjibu. Wazo la Zamenhof lilikuwa na nusu mbili: lugha ya pamoja, na lugha ya nyumbani ibaki. Sisi nusu ya kwanza tumefaulu kuliko yeye. Nusu ya pili tunaiacha ituponyoke.

Kwa nini haikuenea kama Kiswahili?

Kama ni rahisi hivyo, mbona dunia haiizungumzi? Kwa sababu urahisi hausambazi lugha. Lugha inasambazwa na sababu ya kuizungumza: soko, kazi, ndoa, shule, dola. Kiswahili kilikuwa na misafara, mabandari na masoko kabla hakijawa na kamusi. Kiesperanto kilianza na kitabu kikaenda kutafuta watu.

Jambo hilo tunaliona hata kwenye maneno mapya ya Kiswahili. Tangu mwaka 1967 tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na wataalamu wetu wamebuni maneno mengi. "Kiyoyozi" tukalipokea. "Tarakilishi" limetungwa vizuri, lakini ingia kwenye duka lolote mjini Morogoro, utasikia "kompyuta". Mtaalamu anatunga, lakini mwenye neno ni anayelisema.

Je, nijifunze? Nimfundishe mtoto?

Tuseme wazi, maana hapa ndipo watu wanaweza kupoteza fedha.

Kiesperanto si somo la mtihani wa taifa. Hakikupi sifa ya ajira serikalini wala kiwandani. Hakikupi viza. Ipo huduma ya Waesperanto iliyoanza mwaka 1974 ya kukaribishana majumbani bila malipo wanaposafiri, lakini nauli na karatasi za safari ni juu yako. Kwa hiyo akija mtu akasema anachukua ada ya kukufundisha kisha atakupeleka Ulaya kwa sababu ya lugha hii, shika fedha yako. Usiuze mbuzi. Masomo yake yapo bure kwenye intaneti.

Faida yake ni ya aina nyingine. Inakupa marafiki wa mbali wanaojibu barua kwa sababu wao pia wamejifunza, hawakuzaliwa nayo. Tanzania wapo wanaoitumia hivyo, hasa upande wa Mara, na ndiyo maana mkutano wa 2024 ukaja kwetu. Inampa kijana pia kitu ambacho darasa la Kiingereza mara nyingi linamnyima: kuona kwamba lugha ya kigeni ina utaratibu unaoshikika, na kwamba yeye si mjinga wa lugha.

Kama muda wako ni mdogo, tunakupendekezea jaribio lisilohitaji bando wala ada. Jioni, mkiwa mnasubiri chungu, chukua mzizi mmoja wa Kiswahili, mathalani *-pik-*. Kila mtoto ataje neno linalotoka humo: pika, mpishi, mapishi, pikia, pikisha, pikika. Kisha mwombe bibi ataje ya kwake kwa Kiluguru, ninyi mrudie. Mtakuwa mmefanya kazi ile ile aliyoifanya daktari wa macho wa Białystok, ila ninyi mna bahati asiyokuwa nayo: mwenye lugha amekaa hapo hapo jikoni, na bado anaweza kuwasahihisha.